Mchanga, changarawe, udongo au akwasoili: utandike nini kwenye tangi jipya la mimea na samaki?

Tangi likishajaa maji, karibu kila kitu unaweza kukibadilisha. Filta utaichomoa na kuweka nyingine ndani ya dakika 10. Taa utaongeza mshahara ukitoka. Samaki wakigombana utawatenga. Lakini tandiko, yaani kile ulichotandaza chini na ambamo mimea inashika mizizi, ukitaka kulibadilisha itabidi uhamishie samaki kwenye ndoo, ung'oe kila mmea, umwage maji na uanze moja. Ndiyo maana namsihi kila anayeanza: kaa na uamuzi huu siku mbili tatu kabla hujabeba mfuko wowote dukani.

Tangi langu la kwanza la mimea, hapa Dar es Salaam, nililitandika mchanga mweupe wa pwani. Uling'aa, ulikuwa laini mkononi, na aliyeniuzia alinihakikishia umeoshwa na uko tayari. Baada ya wiki chache pH, kipimo cha asidi na alkali ya maji, ilikuwa imevuka 8. Majani ya Cryptocoryne yaliyeyuka kama mchicha uliopikwa kupita kiasi, na tetra wa neoni wanane wakafa mmoja baada ya mwingine. Nilielewa siku nilipochota kijiko cha mchanga ule nikaudondoshea siki: ukatoa povu na kuchachatika kama soda. Kumbe nusu yake ilikuwa matumbawe na makombe yaliyosagika, na chokaa yake ilikuwa ikiyeyuka ndani ya maji usiku na mchana.

Hapa nazungumzia tangi la jamii: samaki wapole wa aina mbalimbali wanaoishi pamoja, gapi, plati, tetra, Corydoras na wenzao, katikati ya mimea hai, lita 60 hadi 200 hivi. Anayefuga sikilidi wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa ana hesabu nyingine, maana maji ya maziwa yale ni ya alkali na mchanga ule ule ulioniulia neoni wao huwafaa.

## Tupime kwa vipimo vipi?

Cha kwanza ni mizizi. Mimea haili kwa namna moja. Amazoni (Echinodorus) na Cryptocoryne hula zaidi kwa mizizi, na wakipandwa kwenye mchanga mtupu hudumaa. Anubias, mmea wa kwetu Afrika ya Magharibi na ya Kati, hufungwa kwenye gogo au jiwe, na shina lake ukilifukia linaoza. Jani la Java nalo ni hivyo hivyo. Mimea inayoelea hunyonya chakula moja kwa moja majini. Kwa hiyo mtu mwenye Anubias na mimea ya kuelea peke yake hana sababu ya kununua tandiko lenye mbolea.

Cha pili ni samaki wa chini. Corydoras hula kwa kuchota mchanga kinywani na kuutoa kwenye matamvua. Mtazame ukiwa umetulia utaona vumbi dogo likitoka pembeni mwa kichwa chake. Tandiko la mawe yenye kingo humnyima kula hivyo, na mahali pachafu penye makali hupoteza ndevu zake.

Cha tatu, ambacho wengi hukiruka, ni maji yako mwenyewe. Chungulia ndani ya birika la nyumbani. Ukiona ukoko mweupe umeganda chini, maji yako ni magumu, yana chokaa nyingi. Visima vingi vya Unguja na vya ukanda wa pwani vinapita kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo hilo si ajabu. Maji ya bomba ya Nairobi yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua huwa laini, lakini jirani yako mwenye kisima anaweza kuwa na maji tofauti kabisa.

Kisha kuna wiki za mwanzo: je, tandiko litamwaga amonia, sumu inayoua samaki, na wewe una muda wa kubadilisha maji mara kwa mara? Halafu usafi na umri: litasafishwaje, na litadumu miaka mingapi? Mwisho ni mfuko, yaani bei.

Hesabu ya kiasi ni rahisi. Tangi la urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30, ukitandika kina cha sentimita 5, ni 60 × 30 × 5, sawa na sentimita za ujazo 9,000, yaani lita 9. Kwa mchanga hiyo ni kama kilo 14 au 15. Uzito huo ujumlishe na wa maji unapochagua meza.

## Mchanga wa mto

Mizizi. Mchanga wenyewe hauna chakula. Unashika mmea vizuri, hata midogo, lakini amazoni na wenzake utawalisha kwa vidonge vya mbolea vinavyofukiwa karibu na mizizi, kila baada ya miezi 2 au 3. Ukifanya hivyo bila kusahau, mimea hustawi sawasawa.

Samaki wa chini. Hakuna kinachoushinda. Corydoras na samaki wa kujifukia kama kuhli, mwembamba kama mkunga mdogo, wanaishi kama walivyoumbwa kuishi.

Maji. Mchanga wa mto ambao ni mawe ya kwatzi hauyagusi maji. Lakini upime kwa siki kila mara, hata muuzaji akiapa. Na kama unautoa kwenye rundo la wajenzi, hakikisha haujachanganyika na saruji, kwa sababu saruji hupandisha pH vibaya kuliko hata makombe.

Wiki za mwanzo. Tulivu. Amonia pekee ni ile unayoleta wewe kwa chakula na samaki. Kazi kubwa ni ya kabla: kuosha. Mimi huupitisha kwanza kwenye wavu wa dirisha wa kuzuia mbu, vijiwe vibaki juu. Kinachopita nakichekecha tena kwa chekeche la unga, na kile kinachodondoka, ambacho ni vumbi, natupa. Kinachobaki kwenye chekeche kina punje zinazokaribia milimita 1, na hizo ndizo nzuri. Halafu ndoo, maji, mkono, koroga, mwaga. Maji ya kwanza hutoka kama chai ya maziwa. Kufikia mara ya saba au ya nane unaona kucha zako chini ya ndoo, na hapo umemaliza.

Usafi na umri. Uchafu hukaa juu, unaufagia kwa mpira wa kunyonya maji bila kuuzamisha. Mchanga hauishi, utakaa hata miaka 20. Ubaya wake ni kushikamana. Ukiweka kina cha sentimita 8 au zaidi mahali pasipo na mizizi, hewa haifiki chini, mabaka meusi yanatokea, na ukiuchokoa unasikia harufu ya yai viza. Kwenye joto letu, maji yanapofika nyuzi 28 au 29, oksijeni ni kidogo tangu mwanzo, kwa hiyo usizidishe kina. Sentimita 3 mbele na 6 nyuma zinatosha. Konokono wa Melanoides, wenye gamba refu lililochongoka, husaidia kuupalilia usiku. Lakini usijichotee mwenyewe mtoni. Konokono wa Biomphalaria na Bulinus wanaoeneza kichocho hukaa kwenye maji hayo hayo na hujificha kwenye majani, nawe kuingia tu majini ni kujihatarisha.

Mfuko. Rahisi kuliko vyote.

Unamfaa nani. Mwenye Corydoras, mwenye bajeti ndogo, na mtu asiyependa mshangao.

## Changarawe

Mizizi. Punje za milimita 2 hadi 5 huacha nafasi, maji na hewa vikapita, na mimea ya mizizi minene kama amazoni hupenda hivyo. Mimea midogo ya kutambaa kama zulia hung'oka na kuelea. Chakula hakuna, vidonge vinahitajika, ingawa uchafu wa samaki unaozama kati ya mawe hugeuka mbolea kidogo kidogo.

Samaki wa chini. Ikiwa ni mawe ya mviringo yaliyosuguliwa na mto, Corydoras atavumilia, hatafurahi. Kokoto za kupondwa zenye kingo kali usiweke kabisa kama una samaki wa ndevu.

Maji. Inategemea jiwe. Siki tena.

Wiki za mwanzo. Tulivu kama mchanga, na kuosha kwake ni kazi ya nusu saa.

Usafi na umri. Hapa ndipo changarawe inaposhinda. Mpira wa kunyonya unauzamisha mpaka chini, uchafu unapanda na mawe yanarudi mahali pake. Mwenye kundi kubwa la gapi wanaozaana na kulishwa mara tatu kwa siku ataishukuru. Ubaya ni kwamba usipoinyonya, chakula kilichobaki huzama mahali usipopaona kikaoza.

Mfuko. Karibu sawa na mchanga. Ile ya kupakwa rangi mimi siipendekezi, kwa sababu rangi inaweza kubanduka na samaki huonekana wamepauka juu yake.

Inamfaa nani. Mwenye samaki wengi wa katikati na juu, mimea mikubwa michache, na watoto nyumbani wanaopenda kulisha.

## Udongo chini, mchanga juu

Njia hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nakiri hilo mapema ili msomaji anipime. Unatandaza udongo wa kawaida wa shamba kina cha sentimita 2 au 2.5, kisha unaufunika kwa mchanga au changarawe ndogo sentimita 3. Udongo unalisha, kifuniko kinauzuia usipande.

Mizizi. Karamu. Tangi langu la lita 90 la namna hii lina mwaka wa nne, na ukiinama kutazama kioo cha upande unaona mizizi myeupe ya Cryptocoryne ikishuka kwenye mchanga, ikifika kwenye mstari mweusi wa udongo, na hapo ikitawanyika kama nywele. Sijaweka kidonge hata kimoja. Ukichanganya udongo wa mfinyanzi kidogo, chembe zake hushika virutubisho visipotee majini, na ule mwekundu huwa na chuma.

Samaki wa chini. Wanauona mchanga tu, kwa hiyo hawana shida, ila wachimbaji wakubwa watakuharibia. Hapo usijaribu.

Maji. Udongo unapooza hutoa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo mimea huila, na pH hushuka kidogo. Maji yanaweza kuwa na rangi ya chai kwa wiki kadhaa. Neoni wanaipenda, wageni wako huenda wasiipende.

Wiki za mwanzo. Hapa ndipo watu wanapoumia. Udongo usiwe umewekwa mbolea ya dukani, samadi mbichi wala dawa ya wadudu. Uchekeche, utoe vijiti na mizizi, uloweke, umwage maji, uuanike juani mpaka ukauke, na urudie mara tatu au nne. Hata hivyo amonia itatoka. Dawa yake ni mimea mingi tangu siku ya kwanza, ifunike sehemu kubwa ya sakafu, pamoja na ile ya kukua haraka na ya kuelea. Anayepanda vishina vinne akisubiri vijae ataishia na mwani. Mapovu yatapanda kutoka chini. Yachokoe taratibu kwa kijiti cha mshikaki mara moja kwa wiki mpaka mizizi itakaposhika.

Usafi na umri. Huunyonyi, unapitisha mpira juu juu tu. Udongo hudumu miaka kadhaa. Ila ukishapanda, umepanda: kung'oa amazoni mkubwa aliyeshiba ni kuinua wingu jeusi litakalochukua siku nzima kutua.

Mfuko. Bei ni ndogo sana. Unalipa kwa muda wa maandalizi na kwa kununua mimea mingi kwa mpigo.

Unamfaa nani. Mwenye subira, anayetaka msitu, asiye na hamu ya kubadilisha mpangilio kila mwezi.

## Akwasoili

Hizi ni punje za udongo zilizookwa zikakaza, zinazouzwa kwenye mifuko, mara nyingi ya lita 3 au 9. Mtindo wa matangi yanayofanana na mandhari ya milima uliojaa kwenye picha za siku hizi ulienezwa na Takashi Amano, mpiga picha wa Kijapani (1954–2015), na kampuni yake ya ADA (Aqua Design Amano) ndiyo iliyolifanya tandiko la namna hii kujulikana duniani.

Mizizi. Chakula kimo ndani tayari, punje ni nyepesi, na hata mimea ya zulia hushika na kusambaa. Kwa mwaka wa kwanza hakuna tandiko linaloanza kwa kasi hii.

Samaki wa chini. Punje ni za mviringo, haziumizi, lakini Corydoras hawezi kuzichuja kama mchanga. Wachimbaji huzivunja zikawa tope.

Maji. Huyabadilisha, na hilo ndilo kusudi lake. Hunyonya chokaa na kushusha pH mpaka 6 na kitu. Neoni na kamba wa Caridina hustawi. Gapi, moli na plati, wanaopenda maji magumu, hawafaidiki nayo. Na kama birika lako lina ukoko, fikiri sana: kila unapobadilisha maji unaleta chokaa mpya, na uwezo wa punje kushusha pH unaisha mapema. Utakuwa umelipia kitu kinachopigana na bomba lako.

Wiki za mwanzo. Nyingi humwaga amonia kwa wingi wiki 3 au 4 za kwanza. Badilisha nusu ya maji kila siku au kila baada ya siku moja wiki ya kwanza, punguza taratibu, na usiweke samaki mpaka vipimo vya amonia na nitriti, sumu nyingine inayotokana na amonia, vifike sifuri. Amonia ni kali zaidi pH ikiwa juu na maji yakiwa ya joto, kwa hiyo mtu wa pwani asifupishe muda huu hata kwa siku moja. Umeme ukikatika saa nyingi filta ikasimama, pima upya kabla ya kuamini kuwa mambo yako sawa. Punje hizi hazioshwi. Weka sahani juu yake unapomimina maji.

Usafi na umri. Nguvu ya kushusha pH hupungua baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili hivi, na chakula pia. Mimea utaendelea kuilisha kwa vidonge. Punje nazo hulainika na kusagika polepole.

Mfuko. Ghali kuliko vyote, maana inaagizwa kutoka nje, na si kila mji una duka lenye nayo. Kabla hujaanza hakikisha utapata mfuko wa pili wa kuongezea.

Inamfaa nani. Mwenye maji laini, anayetaka zulia la majani na samaki wa maji ya asidi, na aliye nyumbani wiki za mwanzo.

## Si lazima uchague moja tu

Wengi hawajui kuwa unaweza kugawa sakafu. Weka akwasoili au udongo nyuma, panga mawe kama ukingo, na mbele tandika mchanga. Mimea inashiba nyuma, Corydoras wanacheza mbele mahali unapowaona. Angalia tu ukingo uwe mrefu kuliko tandiko, kwa sababu punje nyepesi hupanda juu ya mchanga na ndani ya miezi michache zinachanganyika.

## Kulingana na hali yako

Kama umepanga nyumba na huenda ukahama ndani ya mwaka, chukua mchanga au changarawe. Vinachotwa, vinaoshwa, vinapakiwa. Tangi la udongo kwenye pikapu ni tope tupu likifika.

Kama unaishi pwani, maji ya kisima, birika jeupe, na unawapenda gapi na moli, usihangaike kuyalainisha maji. Mchanga wa mto na vidonge, au udongo chini ya mchanga, pamoja na mmea wa Vallisneria ambao hauna shida na maji magumu, vitakupa tangi zuri bila vita.

Kama uko bara kwenye maji laini na ndoto yako ni kundi la neoni juu ya zulia la kijani, akwasoili inastahili bei yake, mradi wiki zile nne uwepo. Huwezi kuwepo, unasafiri kikazi? Basi mchanga, Anubias kwenye gogo, na mimea ya kuelea. Tangi hilo litakusubiri.

Kama una muda mwingi na pesa kidogo, na unaweza kupata mimea mingi kwa wakati mmoja, labda kwa rafiki anayepunguza yake, jaribu udongo.

Na kama bado umesimama njia panda, chukua chupa mbili safi za jamu. Moja weka maji yako peke yake, ya pili weka maji hayo hayo na vijiko vitano vya tandiko unalolifikiria. Pima pH ya zote mbili leo, ziache dirishani bila kifuniko siku 7, kisha pima tena. Tofauti ya chupa hizo mbili itakuonyesha tandiko litayavuta maji yako upande gani.